Mzee hali vizuri, hapati choo, miguu imelegea: pa kuanzia

Katika nyumba nyingi mambo haya huhesabiwa kuwa malalamiko matatu, na kila moja hutafutiwa dawa yake: sharubati ya kuleta hamu ya kula, sanamaki ya tumbo, vidonge vya magoti. Mara nyingi ni jambo moja linalozunguka. Miguu ikilegea, safari ya chooni inakuwa kazi, hasa choo kikiwa uani na usiku ni giza. Mzee, bila kumwambia mtu, anapunguza maji ili asiamke amke. Maji yakipungua, choo kinakauka. Tumbo likijaa, hamu ya kula inaondoka. Asipokula, mwili unakula misuli yake wenyewe, na miguu inalegea zaidi.

Mwongozo huu ni wa wiki nane. Unamhusu mtu wa miaka 60 na kuendelea anayekaa nyumbani na ambaye bado anaweza kusimama, hata kwa kushikilia kitu. Fuata mpangilio wake: choo kwanza, sahani ifuate, mazoezi mwisho. Ukimwanzishia mazoezi mtu ambaye hajapata choo siku tano na anaishi kwa chai na mkate, utamchosha bure na hatakubali kuanza tena.

Wapo wasiopaswa kuanza kabla ya kuonana na daktari: mwenye ugonjwa wa figo (protini, maji na hata ndizi na parachichi vina vipimo vyake kwake), mwenye moyo ulioshindwa kusukuma damu vizuri ambaye amewekewa kikomo cha maji, mwenye kupaliwa kila anapokunywa, hasa baada ya kiharusi, na yeyote ambaye presha yake inasoma 180/110 au zaidi.

Siku tatu za kuandika

Usibadilishe kitu. Chukua daftari uandike kila anachokula na kunywa kwa siku tatu, kwa vipimo vya jikoni: nusu kikombe, vijiko vitatu, kipande cha kiganja. Andika kilicholiwa, si kilichopakuliwa. Andika pia kila anapopata choo na kikoje. Choo kama cha mbuzi, vigololi vikavu, kimekaa tumboni muda mrefu. Kilicho laini na chenye umbo, kama ndizi mbivu iliyomenywa, ndicho tunachokitafuta. Kutopata choo kila siku si ugonjwa. Chini ya mara tatu kwa wiki, au choo kigumu cha kukamua, ndiko kufunga choo.

Kisha pima vitu vitatu.

Uzito, asubuhi, kwa nguo nyepesi. Kama unajua uzito wake wa miezi sita iliyopita, linganisha: mtu wa kilo 60 aliyepungua kilo 3 bila kukusudia anahitaji kupelekwa hospitali, hata kama hana malalamiko mengine.

Shavu la mguu, kwa futi ya fundi cherehani, mahali lilipo nene kuliko pengine, mzee ameketi na nyayo ziko chini. Chini ya sentimita 31 ni dalili ya utapiamlo na misuli iliyopungua. Mguu uliovimba hudanganya, kwa hiyo bonyeza kwanza kwa kidole. Pakibaki shimo, kipimo hicho kiache, na uvimbe wenyewe umwoneshe daktari.

Kipimo cha tatu ndicho chenye maana kuliko vyote: kusimama kitini kwa sekunde 30. Chukua kiti cha mbao kisicho na mikono, chenye kimo cha sentimita 43 hadi 45, ukiegemeze ukutani. Kiti cha plastiki hakifai, kinateleza na miguu yake hupinda. Mzee aketi katikati ya kiti, akunje mikono kifuani, kisha asimame wima na kuketi, asimame na kuketi, kadiri awezavyo, wewe ukihesabu mara alizosimama kwa saa ya simu. Akitumia mikono, hesabu ni sifuri, na hilo nalo ni jibu. Mwanamume wa miaka 65 hadi 74 asiyefikisha mara 12 yuko chini ya wastani wa rika lake; wa 75 hadi 79 afikishe 11, wa 80 hadi 84 afikishe 10. Kwa mwanamke ni 11 akiwa na miaka 65 hadi 69, 10 kuanzia 70 hadi 79, na 9 kuanzia 80 hadi 84. Chini ya hapo, hatari ya kuanguka ni kubwa.

Hatua ya 1 (wiki ya kwanza): maji, lakini yapangwe

Kiu hupungua nguvu uzeeni, kwa hiyo "sisikii kiu" si ushahidi kwamba maji yanatosha. Mwanamke mzee anahitaji lita 1.6 hivi za vinywaji kwa siku, mwanamume lita 2, na joto la Dar es Salaam au Mombasa likipanda, zaidi kidogo. Chai, maziwa na uji mwepesi vyote vinahesabiwa. Chai haikaushi mwili kama watu wanavyodhani. Ubaya wake ni kwamba ikinywewa pamoja na chakula huzuia madini ya chuma ya mboga na maharage kuingia mwilini. Iache mbali na mlo kwa saa moja.

Ukimwambia mzee "kunywa maji mengi" hujamwambia kitu. Mpe ratiba ya vikombe vya mililita 250: kimoja cha vuguvugu akiamka, kimoja na kifungua kinywa, kimoja saa nne, kimoja mchana, kimoja saa tisa, kimoja au viwili kabla ya saa kumi na mbili jioni. Baada ya hapo ni funda za kumezea dawa tu. Hivyo ndivyo unavyoongeza maji bila kuongeza safari za usiku. Kama anatumia dawa ya kukojosha, uliza kama inaweza kumezwa asubuhi. Wengine huimeza jioni kwa mazoea tu, kisha usiku kucha wanahangaika.

Na hofu ya usiku itibiwe kama hofu, isipuuzwe. Ndoo yenye mfuniko chumbani, taa ndogo inayowaka njia nzima, na viatu vyenye mkanda nyuma ya kisigino. Ndala huangusha wazee wengi: kisigino kinachomoka, vidole vinakamata ukingo wa mkeka. Akiamka, aketi ukingoni mwa kitanda dakika moja hadi mbili, achezeshe nyayo, ndipo asimame.

Hatua ya 2 (wiki ya kwanza na ya pili): kumrudishia choo

Utumbo mpana una saa yake. Chakula kinapoingia tumboni asubuhi, hasa kikiwa cha moto, utumbo huanza kusukuma. Dakika 20 hadi 30 baada ya kifungua kinywa ndio wakati wake. Mpeleke chooni wakati huo kila siku, apate haja au asipate, akae dakika 5 hadi 10 na si zaidi. Mzee anayeahirisha kwa sababu wageni wapo sebuleni au wajukuu wanaoga anaizoesha saa hiyo kukaa kimya.

Mkao ni nusu ya dawa. Kwenye choo cha kukalia, weka kigoda cha sentimita 15 hadi 20 chini ya nyayo ili magoti yawe juu kuliko nyonga, ainame mbele, viwiko juu ya mapaja. Atoe pumzi taratibu huku akilitanua tumbo. Asibane pumzi na kukamua, kwani wapo wanaozimia hivyo chooni. Choo cha kuchuchumaa kina mkao bora, ila magoti ya mzee hayakubali. Fundi seremala anaweza kutengeneza kiti cha mbao chenye tundu cha kusimamisha juu ya shimo. Ukiweka bomba la kushikilia ukutani, lifungwe kwenye ukuta unaobeba uzito. Misumari mifupi kwenye tofali za udongo itang'oka siku atakayoihitaji hasa.

Kisha pitia dawa zake moja baada ya nyingine. Vidonge vya kuongeza damu (chuma) hufunga choo na kukifanya cheusi. Kodeini na tramadoli za maumivu hufunga choo karibu kila anayezitumia. Amitriptilini, vidonge vya kalisi na baadhi ya dawa za presha navyo vimo. Metfomini ya kisukari kwa kawaida huharisha, na ikitumika miaka mingi hupunguza vitamini B12, ambayo upungufu wake huleta ganzi miguuni na mwendo wa kuyumba. Watu wakasema ni uzee. Usimwachishe dawa kwa uamuzi wako. Peleka orodha kwa daktari au mfamasia, uulize ipi inaweza kubadilishwa.

Siku tatu zikipita na tumbo limejaa, kuna dawa za kulainisha choo, na hapa ndipo makosa makubwa hufanyika. Laktulosi, mililita 15 mara moja au mbili kwa siku, ni ya upole, lakini huchukua siku moja hadi mbili kufanya kazi. Watu huiona haifai jioni hiyo hiyo wakaongeza nyingine juu yake. Sanamaki hufanya kazi ndani ya saa 6 hadi 12, kwa usiku mmoja mmoja inakubalika, ila ikinywewa kila siku kwa wingi huharisha na kupoteza potasiamu, na mzee anazidi kulegea. Chumvi ya haluli ni magnesiamu: kwa mwenye figo dhaifu ni sumu, na wazee wengi wana figo dhaifu bila kujua. Mafuta ya nyonyo yaachwe kabisa.

Kosa moja lielewe vizuri kwa sababu linafanana na kinyume chake. Mzee amefunga choo wiki nzima, halafu ghafla anachafua nguo kwa choo cha majimaji. Nyumbani wanasema anaharisha, anapewa dawa ya kufunga. Kumbe choo kigumu kimeziba njia, na kinachovuja ni maji yanayopita pembeni yake. Dawa ya kufunga inazidisha balaa. Tumbo gumu, kuvuja kidogo kidogo, na kukosa choo kamili kwa siku nyingi: mpeleke kituo cha afya akaondolewe kizibo hicho.

Hatua ya 3 (wiki ya pili hadi ya nne): protini, kuanzia asubuhi

Chukua daftari lako la siku tatu. Mara nyingi utakuta hivi: asubuhi chai ya maziwa na slaisi mbili za mkate, mchana ugali kidogo na mchicha na mchuzi, jioni uji. Jumla ya protini ni gramu 23 hivi. Mtu mzima mwenye umri mkubwa anahitaji gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito wake kila siku. Mwenye kilo 60 anahitaji 60 hadi 72. Anakula theluthi moja.

Hili linatokana na imani nzuri iliyokosewa, kwamba mzee apewe chakula "chepesi". Anapewa supu, na nyama inabaki kwa vijana. Lakini protini imo kwenye nyama. Supu ya mifupa, hata iwe nzito namna gani, ni maji, mafuta, chumvi na protini kidogo sana. Uji wa lishe wenye nafaka saba nao ni nafaka mara saba.

Misuli ya mzee ni mizito kuitikia. Protini kidogo kidogo haitoshi kuiamsha. Inataka gramu 25 hivi kwa mlo mmoja, mara mbili au tatu kwa siku. Ndiyo maana kumpa samaki mzima usiku na kumwacha na chai asubuhi hakusaidii sana. Hesabu za kukusaidia: yai moja gramu 6, kikombe cha maziwa au mtindi 8, kikombe cha maharage au kunde zilizopikwa 15, karanga gramu 30 (konzi moja) 7, samaki au kuku aliyepikwa wa ukubwa wa kiganja bila vidole 18 hadi 20, dagaa wakavu waliosagwa kijiko kikubwa kilichojaa 5 hadi 6.

Siku moja inaweza kuwa hivi. Asubuhi, uji uliopikwa kwa kikombe kizima cha maziwa na mayai mawili, au yai moja na kijiko cha karanga za kusaga. Mchana, ugali wa dona wa ukubwa wa ngumi, samaki na mboga za majani. Jioni, kiazi kitamu au wali kidogo, kikombe cha maharage na nusu glasi ya mtindi. Hapo umefika kwenye 70.

Asiye na meno asirudishwe kwenye uji mtupu. Nyama isagwe buchani, samaki achambuliwe miiba kwa vidole (si kwa macho), mayai yavurugwe laini. Dagaa waoshwe mchanga mara mbili tatu, wakaangwe bila mafuta hadi wavunjike, wasagwe, na unga wao uingie kwenye mchuzi wa nyanya au maharage. Wakiliwa hivyo na mifupa yao wanaleta na kalisi. Karanga chagua mwenyewe kabla ya kusaga: zilizosinyaa, zenye ukungu au chungu zitupwe, kwani sumukuvu haiondoki kwa kukaangwa wala kupikwa. Kununua karanga zilizokwisha kusagwa sokoni ni kununua usichokiona.

Hamu ikiwa ndogo, gawanya milo mitatu iwe mitano, aanze na yai au samaki kabla ya ugali, na asipewe kikombe kikubwa cha chai nusu saa kabla ya kula. Angalia mdomo: meno ya bandia yaliyolegea, vidonda, utando mweupe. Na wapo wazee ambao hawali kwa sababu wanakula peke yao. Huyo hana haja ya sharubati, anahitaji mtu wa kuketi naye mkekani.

Hatua ya 4 (wiki ya tatu na kuendelea): nyuzinyuzi, polepole

Nyuzinyuzi ndicho chakula cha bakteria wanaoishi kwenye utumbo mpana. Wakizila hutengeneza asidi ambazo seli za ukuta wa utumbo huzitumia kama nishati, na choo kinapata ujazo na ulaini. Lengo ni gramu 25 kwa siku. Kikombe cha maharage kina 11 hadi 13, nusu parachichi 6, pera moja kubwa 5, kikombe cha mchicha uliopikwa 4, kipande kizuri cha papai 2 na nusu. Ugali wa dona una zaidi ya mara mbili ya ule wa sembe, na kubadili unga peke yake ni hatua isiyoongeza gharama.

Kosa la hapa ni haraka. Mtu aliyekuwa anakula gramu 10 akipelekwa 25 kwa siku moja, tumbo litajaa gesi na atakwambia maharage hayamfai. Ongeza gramu 5 kwa wiki, yaani nusu kikombe cha maharage au tunda moja, na usiongeze kama ratiba ya maji haijashika: nyuzinyuzi bila maji huongeza kizibo. Ndiyo maana hatua hii haikuwa ya kwanza.

Maharage yalowekwe saa 8 hadi 12, maji ya kulowekea yamwagwe pamoja na sehemu ya sukari zinazoleta gesi, yapikwe kwa maji mapya na yachemke kwa nguvu angalau dakika 10 kabla ya kupunguza moto, kwani mekundu yakiwa hayajaiva yana sumu ya kutapisha. Usiyalainishe kwa magadi. Magadi ni sodiamu kama chumvi ilivyo, na mwenye presha anayejisifu kuwa ameacha chumvi huku kisamvu na maharage yake yanapikwa kwa magadi hajaacha kitu. Chumvi yote ya siku, pamoja na iliyomo kwenye mkate na kitoweo cha chumvi, isizidi kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa.

Mtindi, mursik (maziwa yaliyochachushwa ya Wakalenjin), togwa na uji uliochachushwa vina nafasi yake. Mtindi hasa humfaa mzee anayesumbuliwa na maziwa, kwa kuwa bakteria wamekwisha kula sehemu ya sukari ya maziwa. Nusu glasi kwa siku yatosha. Maziwa yachemshwe kabla ya kugandishwa. Kuchacha hakuondoi hatari ya ugonjwa wa brusela. Ndizi mbichi za kupika, na viazi au mihogo iliyochemshwa ikapoa, vina wanga usiomeng'enywa haraka ambao nao hufika kwa bakteria hao. Na kama kuna kitu kimoja kinachowafuta, ni antibiotiki za kununua kiholela dukani kila tumbo linapouma.

Mwenye kisukari afuate haya haya, ila uji wake uwe mzito wa dona na maziwa, bila sukari, na matunda yaliwe, yasisagwe kuwa juisi. Anayetumia wafarini (dawa ya kuzuia damu kuganda) asibadilishe ghafla kiasi cha mboga za majani bila kumwambia daktari.

Hatua ya 5 (kuanzia wiki ya tatu): kiti, ukuta na mkeka

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linataka watu wa miaka 65 na zaidi wapate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, mazoezi ya nguvu siku mbili au zaidi, na ya mizani, yaani ya kusimama bila kuyumba, siku tatu au zaidi. Watu hukamata sehemu ya kutembea na kuacha zilizobaki. Kutembea ni kuzuri kwa moyo, sukari na choo, lakini hakumwongezei sana mzee nguvu za kujiinua. Zinaongezwa na kiti.

Kiti kiwe ukutani. Mzee asogee mbele hadi nusu ya kiti, arudishe nyayo nyuma kidogo ya magoti, ainame mpaka pua ipite vidole vya miguu, kisha asukume sakafu na kusimama huku anatoa pumzi. Kuketi kuwe taratibu, hesabu ya nne. Makosa yanayoonekana sana ni nyayo kuwa mbele mno (hapo hawezi kunyanyuka kabisa na atadhani ni udhaifu), magoti kukutana katikati, kujiangusha kitini, na kubana pumzi, jambo linalopandisha presha.

Asiyeweza bila mikono, inua kiti kwa mto mgumu au blanketi lililokunjwa mpaka aweze. Aanze na raundi mbili za mara 5, apumzike dakika mbili kati yake. Kila siku ya mazoezi aongeze mara moja, hadi raundi tatu za mara 10. Hapo ondoa tabaka moja la blanketi. Kiti kitupu kikiwa rahisi, ashike pakiti ya unga ya kilo moja kifuani. Kipimo cha ugumu: anapomaliza raundi awe anaona angeweza mara mbili zaidi, si kumi. Mazoezi yasiyochosha kidogo hayajengi kitu, na hofu ya watoto kwamba "bibi atachoka" ndiyo inayomharibia. Siku tatu kwa wiki, na siku ya kupumzika katikati.

Siku hizo hizo, akishika meza nzito, anyanyue visigino mara 10 na kushusha polepole. Kisha asukume ukuta kwa viganja, mwili umenyooka, mara 8 hadi 10. Mizani hufanywa karibu kila siku, kwa dakika tano: miguu pamoja, halafu mguu mmoja nusu hatua mbele, halafu kisigino kugusa vidole vya mguu wa nyuma, mwisho mguu mmoja. Kila ngazi akifikisha sekunde 10 bila kuyumba, anapunguza mshiko: viganja viwili, kimoja, kidole. Mtu asimame pembeni yake, si mbele.

Kutembea kugawanywe: dakika 10 baada ya kila mlo, mwendo ambao anaweza kuongea lakini hawezi kuimba. Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vya glibenklamidi asifanye mazoezi kabla ya kula, na mfukoni awe na sukari au glukosi.

Wiki ya tano, mfundishe kuinuka kutoka chini, wewe ukiwa kando. Ageuke ubavu, ajisukume akae kwa viganja na magoti, atambae hadi kwenye kiti, aweke viganja juu yake, mguu wenye nguvu utangulie mbele, asukume na kugeuka kuketi. Anayezoea kukaa mkekani au kuswali sakafuni ana akiba hapa. Usimnyang'anye mkeka kwa kumhurumia, labda magoti yakikataa kabisa. Ila akianguka kweli, na mguu umekuwa mfupi au nyayo imegeukia nje, asiinuliwe. Hiyo huenda ni nyonga iliyovunjika.

Maumivu kidogo ya misuli siku ya pili ni ya kawaida. Goti likivimba, inua kiti tena kwa blanketi kwa wiki moja, ili zoezi liwe jepesi. Maumivu ya kifua, kizunguzungu au pumzi isiyorudi: acha hapo hapo na umpeleke hospitali. Na asimeze diklofenaki ya maumivu kila siku ili aweze mazoezi. Huchimba vidonda tumboni na kuumiza figo.

Mwezi wa Ramadhani

Mzee mwenye afya anayefunga asiache mazoezi. Ayafanye muda wa saa moja na nusu ukishapita baada ya futari. Vikombe sita hadi nane vya maji vigawanywe kati ya futari na daku, na daku liwe na mayai au maharage, si chai na mkate. Futari ya pwani ya mihogo, viazi na magimbi ina nyuzinyuzi za kutosha, protini ndiyo inayokosekana. Mwenye kutumia dawa za sukari, presha au moyo apangiwe saa za dawa kabla mwezi haujaandama, na asiyeweza kufunga fidia ipo.

Usisubiri wiki nane

Damu kwenye choo. Choo cheusi kama lami kwa asiyetumia vidonge vya chuma. Mabadiliko ya choo yanayodumu zaidi ya wiki tatu bila sababu. Kupungua uzito. Weupe wa viganja na wa ndani ya kope pamoja na uchovu. Chakula kinachokwama kooni. Tumbo lililovimba, kutapika na kutotoa hata ushuzi: huyo ni wa hospitali usiku huo huo.

Kupima tena

Rudia kipimo cha kiti kila baada ya wiki mbili, saa ile ile na kiti kile kile. Kuongezeka kwa mara mbili au tatu ndani ya wiki nane ni matokeo mazuri. Shavu la mguu linaweza lisibadilike hata nusu sentimita, kwa kuwa nguvu hutangulia, unene wa misuli hufuata baada ya miezi. Hesabu ya kiti ikigoma kupanda, usiongeze mazoezi kwanza. Rudi kwenye daftari uandike siku tatu nyingine. Mara nyingi utakuta yai la asubuhi linaliwa na mjukuu.